Kwetu nyota hupanda wima

Karibu kila kitabu cha nyota nilichokishika kinaanza na picha ile ile: Nyota ya Kaskazini imekaa juu, na nyota nyingine zinaizunguka duara usiku kucha. Kwa mtu wa London au Toronto picha hiyo ni ya kweli. Ilete Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ninakoishi na kufundisha jiografia, na haifanani na chochote kilichoko juu ya kichwa cha mwanafunzi wangu. Nyota ya Kaskazini yenyewe haionekani. Duara hazionekani. Mtoto anatoka nje, anatazama, haoni alichokisoma, na anaondoka akiamini kwamba elimu ya nyota ni ya wenye darubini na ya nchi za watu. Jambo hili linaniuma, maana huku kwetu karibu na Ikweta mwendo wa mbingu ni rahisi kuuelewa kwa macho matupu kuliko karibu popote pengine duniani.

Simama ufukweni, uelekee kibla. Kwa watu wa Unguja kibla ni kaskazini hasa: Makka iko kwenye longitudo 39.8 mashariki, Jambiani iko kwenye 39.5, kwa hiyo kila msikiti wa hapa ni dira iliyojengwa kwa mawe. Mkono wako wa kulia kuna Bahari ya Hindi na mwamba unakopasukia mawimbi. Mkono wa kushoto kuna kijiji na minazi. Sasa chagua nyota yoyote inayochomoza baharini karibu na mashariki kamili, uifuate kwa jicho kila baada ya muda. Haiendi upande, haizunguki kitu. Inapanda wima kutoka majini, inapita juu ya utosi au karibu yake, na inateremka wima kwenye minazi.

Sababu yake ni moja tu. Dunia inazunguka kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kila kilichoko angani huonekana kwenda kinyume chake. Ukiurefusha mhimili huo hadi angani, unapata sehemu mbili zisizosogea, ncha ya kaskazini na ncha ya kusini ya mbingu, na nyota zote huzungukia hapo. Kimo cha ncha juu ya upeo wa macho ni sawasawa na latitudo ya mahali uliposimama. London iko latitudo 51.5, basi ncha ya kaskazini iko juu nyuzi 51.5, na nyota zilizo karibu nayo hazizami kamwe. Sisi tuko nyuzi 6.3 kusini ya Ikweta. Ncha ya kaskazini imejificha chini ya upeo wetu kwa nyuzi 6 na kidogo, na ile ya kusini imeinuka juu kwa kiasi hicho hicho. Kwa lugha ya hapa nyumbani: mhimili wa Dunia umelala karibu sambamba na mchanga unaoukanyaga, kichwa kibla, miguu kusini, na mbingu nzima inabingirika juu yetu kutoka baharini kwenda kijijini. Nikimwambia mwanafunzi hivi akiwa amesimama pwani, naona uso wake unabadilika.

Faida yake ni kubwa. Mtu wa London hataona Msalaba wa Kusini hata akiishi miaka mia. Mtu wa Cape Town anauona kila usiku ulio wazi, lakini hajawahi kuiona Nyota ya Kaskazini kutoka nyumbani kwake. Sisi, ndani ya mwaka mmoja, tunapitishiwa mbingu karibu yote, isipokuwa kiduara kidogo cha kaskazini kabisa. Jaribu katikati ya Mei, saa tatu na nusu za usiku hivi. Ipe kibla mgongo: Msalaba wa Kusini umesimama wima mbele yako, kimo cha ngumi tatu na nusu juu ya upeo. (Ngumi iliyonyooshwa kwa mkono mzima hupima karibu nyuzi 10, na ni chombo cha kutosha kwa kazi yote tutakayoifanya hapa.) Kisha geuka ulipo: zile nyota saba za Dubu Mkubwa zinaning'inia juu chini upande wa kibla. Nyota zake mbili za mwanzo, ambazo kila kitabu kinasema zinaonyesha Nyota ya Kaskazini, zinaelekeza chini, pale pale ilipojificha nyuma ya upeo. Alama mbili kuu za kusini na kaskazini, kwa wakati mmoja, kwa kugeuza kisigino.

Mabaharia walilijua hili kwa sababu maisha yao yalikuwa juu yake. Ahmad ibn Majid, nahodha na mtunzi wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar, pwani ya Uarabuni, alizijua njia za baharini hadi Sofala, pwani ya Msumbiji, na wanamaji wa zama zake walipima kimo cha nyota kwa vidole, au kwa kamali, kibao kidogo kilichofungwa uzi wenye mafundo. Ukishika fundo kwa meno na kulinganisha kibao na upeo, unapata kimo cha nyota, na kimo cha Nyota ya Kaskazini ni karibu sawa na latitudo yako. Walipokuwa wakishuka pwani hii ya Afrika, Nyota ya Kaskazini ilizidi kuinama hadi ikazama, wakalazimika kupima kwa nyota nyingine zilizo jirani nayo. Kuishiwa na nyota ile ndiko kulikowaambia kwamba wameikaribia Ikweta. Kila ninapoisikia historia yetu ya bahari ikisimuliwa kwa majahazi na biashara peke yake, natamani hesabu hii nayo itajwe.

Mwendo wa pili hauonekani kwa usiku mmoja. Nyota husogea nyuzi 15 kwa saa, yaani ngumi moja na nusu. Lakini chagua nyota inayojificha nyuma ya ukingo wa paa la jirani, ukiwa umekaa pale pale na kichwa chako kikiwa pale pale, uandike saa. Kesho rudi. Itakuwa imekutangulia kwa dakika 4. Kesho kutwa, dakika 8. Kwa mwezi ni saa mbili, na kwa mwaka imezunguka saa zote 24 na kurudi ilipoanzia. Dunia hukamilisha mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Wakati huo huo imesogea karibu nyuzi 1 katika njia yake ya kulizunguka Jua, basi inabidi igeuke kidogo zaidi ili Jua lirudi pale pale. Kidogo hicho ndicho dakika 4.

Ubaoni jambo hili ni gumu, kwa hiyo mimi hulitoa uwanjani. Baada ya magharibi tunawasha karabai katikati ya uwanja wa skuli. Hiyo ni Jua. Mwanafunzi mmoja anakuwa Dunia, anaizunguka polepole, na mara kwa mara namsimamisha aipe karabai mgongo, maana kuipa mgongo ndiyo usiku. Akiwa upande wa bara anaona minazi. Akifika upande wa pwani anaona bahari. Hapo humwuliza: minazi imekwenda wapi? Mtoto mmoja alinijibu, bila kufikiri sana, "Ipo, mwalimu, imefichwa na taa." Sina maelezo bora zaidi ya hayo. Nyota zinazokosekana mwezi fulani hazijaondoka. Ziko upande wa Jua, zinachomoza na kuzama nalo mchana.

Hapo ndipo Kilimia kinapopata maana. Wengi wetu tumeisikia methali, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," na wengi hawajawahi kunyanyua uso kukitafuta. Ni kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba, na ziko mbali kiasi kwamba nuru unayoiona leo iliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mwezi wa Novemba kinachomoza baharini Jua linapozama. Kufikia Aprili, baada ya magharibi, kimeshateremka chini upande wa minazi. Mwanzoni mwa Mei kinamezwa na mwanga wa machweo, na karibu tarehe 20 Mei Jua linapita jirani yake. Kisha katikati ya Juni, kabla ya Jua kuchomoza, kinazuka tena baharini.

Linganisha sasa na mvua zetu. Aprili na Mei ni masika. Juni masika yamekwisha, kusi limeshika, anga ni kavu. Kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: nusu hiyo ya methali ni taarifa ya anga na ya hali ya hewa kwa pamoja, imefungwa kwa maneno machache ili mkulima asisahau. Nusu ya kwanza nimesikia ikifasiriwa kuwa onyo: masika yakigoma hadi Kilimia kikazama katika ukavu, usikate tamaa, mvua huja imechelewa. Mtu aliyeitunga methali hii alikuwa ametazama upande wa magharibi jioni, na upande wa mashariki alfajiri, mwaka baada ya mwaka. Mimi humhesabu kuwa mtaalamu wa nyota, na nawaambia wanafunzi hivyo bila kupunguza neno.

Mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizopangana mstari, unafuata nyuma ya Kilimia, nao ni zawadi kwa mtu wa Ikweta. Nyota yake ya juu inapochomoza iko karibu juu ya mstari wa Ikweta ya mbingu, kwa hiyo huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, popote ulipo. Usiku wa Januari ukipotea njia shambani, subiri mkanda uzame, na hapo ndipo magharibi. Ukiwa Nairobi, mkanda huo hupita karibu kabisa na utosi.

Jua nalo lina mwendo wake, na watu hudhani halina kwa sababu mchana wetu haubadiliki sana. Tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa Unguja haifiki hata saa moja. Lakini simamisha kijiti uwanjani uone. Kati ya tarehe 9 Oktoba hivi na tarehe 5 Machi, Jua la adhuhuri liko kusini yetu, na kivuli kinaanguka upande wa kibla. Miezi iliyobaki Jua liko upande wa kibla na kivuli kinaanguka kusini. Katika tarehe hizo mbili, siku moja mbele au nyuma, Jua hupita utosini na kijiti kinakosa kivuli kabisa. Ulaya nzima haina siku kama hiyo.

Tazama pia saa ya adhuhuri. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu na Aden, ilhali sisi tuko magharibi yake. Basi Jua hufika juu yetu wastani wa dakika 22 baada ya saa sita. Wastani tu. Mwanzoni mwa Novemba hufika saa sita na dakika 6, na katikati ya Februari saa sita na dakika 36. Ni kwa sababu njia ya Dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama, hivyo Jua halitembei mwendo mmoja mwaka mzima. Yeyote anayefuata ratiba ya sala ukutani anaishi na tofauti hii, ila ni wachache wanaoulizia imetoka wapi.

Na kwa sababu Jua letu linazama wima, giza huingia haraka. Isha inafika kama saa moja na robo baada ya magharibi, majira yote. Shemeji yangu anayeishi London alipotueleza kwamba huko mwezi wa Juni usiku hauingii giza kamili, na kwamba misikiti inalazimika kukubaliana juu ya wakati wa isha, bibi yetu hakumwamini. Kumbe Jua la huko mwezi huo linazama kwa mshazari na halishuki vya kutosha chini ya upeo. Ni Jua lile lile, mhimili ule ule. Kilichobadilika ni mahali mtu aliposimama.

Mwezi ndio unaotupa riziki huku, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mama yangu amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia Jambiani na Paje mwishoni mwa miaka ya 1980. Hana kalenda ya maji ukutani. Anatazama mwezi, anasema, "Kesho kutwa bamvua, tutaingia saa nne," na saa nne maji yamekupwa, vigingi viko wazi, wanawake wako pwani na kamba zao wakifunga mwani kwa taitai, vile vikamba vifupi. Ukimwuliza amejuaje, anakushangaa wewe.

Alichokijua ni hiki. Mwezi unaizunguka Dunia kuelekea mashariki, karibu nyuzi 13 kwa siku, kwa hiyo kila siku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Maji nayo huchelewa kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa mvuto wa Mwezi ndio unaoyaongoza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Jua, Mwezi na Dunia ziko takriban mstari mmoja, mivuto inasaidiana, na siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana: bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapingana, ni maji mafu, na vigingi vingine havitoki kabisa majini. Sasa, kwa nini bamvua ya kwetu inakupwa asubuhi ya saa nne au saa tano daima, haikupwi saa saba? Kwa sababu siku hizo Mwezi umefungamana na Jua: ukiandama unapita utosini nalo adhuhuri, na ukiwa mpevu unapita usiku wa manane. Saa ya ukutani ni saa ya Jua. Basi kila bamvua inarudi kwenye saa zile zile, na mkulima wa mwani anaweza kupanga mwezi mzima kichwani.

Mwendo huo wa Mwezi unaweza kuuona kwa macho ndani ya jioni moja. Subiri usiku ambao Mwezi uko jirani na nyota yenye kung'aa, Dabarani kwa mfano, au Kilimia chenyewe. Pima nafasi iliyo kati yao. Baada ya saa moja tazama tena: Mwezi umesogea mashariki kwa upana wake wenyewe. Mbingu nzima inakwenda magharibi, na katikati yake Mwezi unarudi polepole upande unakotoka. Huu ni mwendo halisi wa kitu kilicho umbali wa kilomita 384,000 hivi, na umeuona kwa kukaa jamvini.

Sayari hufanya vivyo hivyo kwa miezi. Mshtarii husogea nyuzi 30 kwa mwaka na hurudi kwenye kundinyota lake baada ya miaka 12. Zuhura haikwepi Jua zaidi ya nyuzi 47, ndiyo maana huioni usiku wa manane. Ni ya jioni au ya alfajiri tu. Mirihi ndiyo yenye vituko. Kuanzia Desemba 2024 hadi Februari 2025 ilisimama, ikarudi nyuma kuelekea kundinyota la Mapacha, kisha ikasimama tena na kuendelea mbele. Haikurudi kweli. Dunia hukimbia kilomita 30 kwa sekunde, Mirihi 24, na kila baada ya miezi 26 hivi tunaipita. Wakati wa kuipita huonekana kama inarudi. Tutaipita tena Februari 2027, ikiwa katika kundinyota la Simba. Anza kuichora kwenye daftari tangu Desemba, nyota moja moja ya jirani, na utakiona kile kilichowasumbua wataalamu wa kale kwa karne nyingi kabla ya Copernicus kuchapisha kazi yake, kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua, mwaka 1543.

Mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake, ambao kwenye Ikweta hutembea kwa mita 465 kwa sekunde, umewahi pia kutumika kwa makusudi. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco baharini jirani na Malindi, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti kuelekea mashariki, wakichukua msukumo wa Dunia bure. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Kazi ya mionzi hiyo ilimpatia mwanasayansi Riccardo Giacconi tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wanafunzi wangu hawaijui mpaka niwaambie, nami nasikitika kwamba haimo vitabuni mwao.

Ombi langu moja ni kwa wenye mahoteli ya pwani: zielekezeni taa chini. Taa zinazomulika bahari hazimlindi mgeni, na zinamnyima kile alichosafiri kukiona, ile Njia ya Maziwa ya Julai inayopita karibu na utosi, kitovu chake kikiwa juu yetu nyuzi 67 wakati watu wa Ulaya ya kaskazini wanakiona, kama wanakiona, kimegusa ardhi. Watoto wa kijiji wanakosa zaidi, maana hawana pengine pa kwenda kukitafuta.

Na uandike tarehe hii: 2 Agosti 2027. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 kwenye njia ya Jua, ndiyo sababu si kila mwandamo wa mwezi huleta kupatwa kwa Jua. Siku hiyo mbili hizo zitakutana. Kivuli kamili kitapita kusini ya Hispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, Makka yenyewe, Yemen na ncha ya Somalia. Sisi tutapata sehemu tu, mchana baada ya adhuhuri, Jua likiwa juu upande wa kibla na kuelemea magharibi. Kwa kuwa tuko kusini ya njia ya kivuli, Mwezi utalifunika Jua upande wake wa kaskazini. Usilitazame kwa macho wala kwa miwani ya kawaida. Tafuta miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua mapema, au toboa tundu dogo kwenye kadibodi na uangushie mwanga wake kwenye karatasi nyeupe, watoto wote watazame hapo.